Salamu ya Jumapili Ile

Binadamu husamehe mengi. Mkanyage mtu mguu, useme pole, yamekwisha. Mmwagie chai kwenye shati jeupe, atanuna kidogo kisha atacheka. Lakini mpite mama wa mtu barabarani mchana kweupe, tena mama wa mwanamume anayetaka kukuoa, bila shikamoo wala habari, halafu uone kama utapata usingizi.

Miwani hakuwa amepata usingizi tangu Jumapili.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake ya kupima macho, maana yeye mwenyewe miwani hakuvaa. Alikuwa na macho makubwa, matulivu, ya mtu anayekusikiliza kwa kukutazama, na macho hayo ndiyo yaliyomponza Fundi. Fundi aliingia dukani siku moja ya mvua akilalamika kwamba mstari wa penseli unamchezea juu ya mbao. Akaketishwa kwenye kiti kirefu cha chumba cha giza, akaambiwa kidevu hapa, paji la uso hapa, atazame mbele asipepese. Akapepesa. Alipoulizwa anaona nini, akajibu, "Nakuona wewe."

"Nimekuuliza herufi, kaka."

"Herufi nazo zipo. Kwa mbali."

Tangu hapo macho ya Fundi yakawa mabovu kweli kweli. Kila wiki yalihitaji kupimwa.

Alikuwa fundi wa milango. Meza hatengenezi, vitanda hatengenezi. Milango tu, na mtaa mzima ulijua kwamba mlango unaofunguka bila kulia ni wa mkono wake. Ulijua pia ahadi zake. Fundi akikuambia kesho, jirani mmoja alikuwa akisema, nunua kalenda. Miwani alishamwomba mara nyingi autazame mlango wa kikongwe mmoja wa mtaani, Bibi Sweta, uliovimba kwa unyevu hadi kufunguka kwake ni vita. Kila mara Fundi alimbusu mkono akasema, "Kesho, mpenzi."

Na sasa Fundi mwenyewe alikuwa hajaonekana tangu Jumapili. Alikuja jioni moja wakati Miwani anafunga duka, akasimama kizingitini na kofia mkononi, mvua nyepesi ikimlowesha mabega.

"Ingia," Miwani alisema. "Taa kubwa nimeshazima."

"Giza linanifaa."

Walipita katikati ya kabati za vioo mpaka chumba cha nyuma. Fundi akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa mazoea, Miwani akakaa kwenye kigoda chake cha magurudumu, maana pengine pa kukaa hapakuwapo. Ubao wa herufi uliwaka ukutani, na mwanga wake ulimfikia Fundi shavu moja tu. Miwani aliliangalia shavu lile. Siku zote alizomkosa zilimjia kwa pamoja, akatamani kuusogeza mkono wake kidogo tu, aliguse. Hakuusogeza.

"Niambie kwanza," Fundi alianza. "Uliona kwamba ni sisi?"

"Nilikuona tangu kwenye kona. Nikamwona na mama, na gauni lake la kwaya, na mkoba mweupe."

"Kumbe uliona!" Fundi alijipiga paja. "Mimi nimeshinda nikimwambia mama hukuona. Nikamwambia hata wapima macho nao huugua macho. Unajua alinijibu nini? Mganga hajigangi, lakini husalimia."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Miwani alitabasamu, tabasamu likafia mdomoni.

"Nilimwandaa tangu alfajiri," Fundi aliendelea. "Nikamwambia mama, leo tukitoka kanisani utamwona mkweo. Akavaa zile hereni alizopewa na marehemu baba. Ukatokea kwa mbele, mkono kifuani, macho chini, ukatupita kama tumekuwa nguzo za taa. Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Marahaba yake ilibaki humo humo, Miwani, mbele ya kwaya nzima."

"Najua."

"Kwa nini?"

Miwani alivuta pumzi. Alikuwa amelipanga jibu hili usiku kucha, na sasa lilikuwa limempotea lote. Lilibaki neno lenyewe tu.

"Nilikuwa nimembeba Bwana."

Nje gari lilipita, mwanga wake ukafagia kabati za mbele, na fremu zote za miwani zikameta kwa pamoja na kuzimika.

"Kila Jumapili baada ya misa," Miwani alisema polepole, "padri hunipa Ekaristi, mwili wa Bwana, nimpelekee Bibi Sweta, kwa sababu hawezi kuinuka kitandani. Naiweka kwenye kijaluba kidogo cha rangi ya dhahabu, kwenye mfuko, naivaa shingoni. Tumefundishwa hivi: ukimbeba, hupitii dukani, husimami kupiga soga, hufungui mdomo mpaka umfikishe. Unakwenda naye tu. Kichwa ningeweza kutikisa. Hilo nimekosa, na nitamwomba mama radhi kwa magoti. Lakini niliogopa."

"Uliogopa nini? Mama yangu hali watu."

"Niliogopa wewe. Ulikuwa unacheka, umevaa lile shati la buluu. Nilijua nikiinua macho tu nitakutazama, na nikikutazama nitamsahau ninayembeba."

Maneno hayo yalimwingia Fundi. Lakini mwanamume aliyetumwa na mama yake ana mzigo wake, na lazima autue.

"Kwa hiyo mama alinyimwa salamu kwa ajili ya kipande cha mkate."

"Si mkate."

"Miwani, mpenzi wangu, mwenye macho haambiwi tazama. Nimeshaiona hiyo hostia yenu nyinyi Wakatoliki. Ni mkate. Mwembamba, mweupe, hauna hata chumvi. Ukiupeleka maabara watakuambia mkate. Na kazi yako wewe ni macho!"

"Ndiyo maana najua macho yanaishia wapi." Alikisogeza kigoda, magurudumu yakalia kidogo, magoti yao yakakaribia kugusana. "Nimelitazama jicho lako kwa taa, Fundi, mpaka nyuma kabisa, pale mtu mwenyewe hawezi kujiona. Nimeona mishipa, nimeona kila kitu kilichopo. Unadhani niliona kwamba unanipenda?"

"Hukuona?"

"Sikuona. Hakuna kifaa cha kuonyesha hilo."

"Sasa ulijuaje?"

"Ulisema. Siku ile pale mlangoni, mwavuli umegeuka na upepo, ulisema, na mimi nikakuamini, kwa sababu ni wewe uliyesema. Yeye naye alishika mkate akasema huu ni mwili wangu. Macho yangu yanaona mkate, sibishi. Lakini nimemwamini aliyesema."

Mvua iligonga bati la uani. Fundi alikuwa akimtazama kwa namna ile ya siku ya kwanza, herufi zipo kwa mbali, na kwa muda ilionekana kwamba hapakuwa na mama wala kanisa, palikuwa na pumzi zao mbili tu ndani ya mwanga hafifu. Mkono wake mgumu wa kazi ulikuja taratibu ukalala juu ya wake.

Kisha akajikohoza. "Yesu alisema pia kwamba yeye ni mlango. Na hapo, samahani, mimi ndiye wa kuulizwa. Nikiamini kwa mtindo wako, si itabidi nimtafutie bawaba na kitasa?"

Miwani alicheka bila kupenda. "Hilo la kwako au la mama?"

"La mama ni lile la Yesu kujiita mzabibu. La mlango nimeongeza mwenyewe."

"Sawa, mwenye milango. Aliposema yeye ni mlango, nani alinuna? Nani alifunga virago? Hakuna. Kila mtu alielewa kwamba ni mfano. Lakini siku aliyosema mwili wake ni chakula kweli kweli, watu walinuna. Wakasema maneno haya magumu, nani atayasikiliza. Wakamwacha, Fundi, watu waliokuwa wakimfuata kila siku. Kama ulikuwa mfano, si angewakimbilia? Jamani rudini, mmenielewa vibaya, nilikuwa natoa mfano tu! Hakuwakimbilia. Aliwaacha waende, akawageukia waliobaki, akawauliza kama nao wanataka kwenda."

Fundi alikuna kidevu. Hilo halikuwamo katika maswali aliyotumwa, na majibu yake hakupewa.

"Mama anauliza," alisema mwishowe, sauti imepungua makali, "kama ni nyama ya mtu, mbona hamwoni vibaya? Si ni ulaji wa watu huo?"

"Mtoto anayenyonya anakula wapi? Mwilini mwa mama yake. Umewahi kumwita mla watu? Hatukati kipande cha maiti. Tunapewa aliye hai, mzima, na hapungui. Mwambie mama, yeye alishakulisha hivyo. Atanielewa kuliko wewe."

"Na anasema Yesu alikufa mara moja, imetosha. Nyinyi kila Jumapili mnamtoa sadaka upya."

"Upya hapana. Ukifungua mlango asubuhi, jua huzaliwa upya?"

"Huingia."

"Jua lile lile?"

"Lile lile." Fundi alitikisa kichwa, nusu kwa kukubali, nusu kwa kuudhika. "Unanipiga kwa mbao zangu mwenyewe." Akajiegemeza kitini. "Haya, hili ni langu, si la mama. Mnakula kila Jumapili, mnasema ni Yeye. Mbona hambadiliki? Yule mwenye nyumba wangu ni wa kanisa lako. Anakula, akitoka hapo anawatukana wapangaji mpaka jioni."

Miwani alitazama chini. "Hilo sina jibu la kukuridhisha. Mimi mwenyewe nakula, na Jumapili ile ile nikamwaibisha mama yako. Labda bila hicho chakula tungekuwa wabaya zaidi. Sijui. Najua tu kwamba mgonjwa haachi kula kwa sababu hajapona."

Fundi alinyanyuka, akazunguka chumba ambacho hakikuwa na nafasi ya kuzungukwa, akarudi akasimama nyuma ya kiti. Hapo ndipo lile lililomleta lilipotoka, na halikuwa swali la Maandiko hata kidogo.

"Siku ya harusi yetu," alisema, "padri wako akiita watu waje mbele, wewe utaenda?"

"Nitaenda."

"Na mimi?"

"Wewe hutaweza kupokea. Bado. Anayepokea anasema amina, na hiyo amina ni kukubali yote haya. Sitaki useme amina ya uongo kwa ajili yangu."

"Kwa hiyo nitakaa kwenye benchi, na suti yangu, nikikutazama mgongo. Mke wangu wa dakika chache ananiacha anakwenda kula na mwingine."

"Fundi, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Inauma, Miwani!"

"Na mimi inaniuma!" Machozi yalikuwa yameshamtoka, akayaacha. "Unadhani sijawaza? Kila Jumapili nikirudi kutoka altareni nauona upande wangu wa benchi uko wazi, nakuweka pale kwa mawazo yangu. Kila Jumapili."

Fundi alimjia, akapiga goti mbele ya kigoda, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Viganja vilinukia mbao mbichi. Miwani angeweza kukaa ndani ya harufu ile maisha yake yote.

"Sikiliza," Fundi alinong'ona. "Mama si mtu mbaya. Kanilea peke yake, ana mimi tu. Amesema hivi: uje nyumbani, umwombe radhi, halafu useme mbele yake kwamba ile ni ishara. Ishara tu, ya kumkumbuka Bwana. Basi. Kesho yake atakuja kwenu kuchumbia na kwaya nzima nyuma yake. Neno moja, Miwani. Moyoni ubaki na lako. Nani atakufa?"

Shetani akitaka kumjaribu mtu, hamletei mapembe. Humletea uso anaoupenda, tena umepiga magoti. Miwani aliutazama uso ule. Neno lilikuwa jepesi. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Radhi nitaomba," alisema. "Hata sasa hivi twende. Lakini nikisema ni ishara tu, Jumapili nitambeba nani kwa Bibi Sweta? Na wewe, ukimwona mkeo amemkana huyo kwa neno moja ili mambo yawe mepesi, siku mambo yakiwa mazito utajuaje kwamba hatakukana na wewe?"

Viganja vilimwacha. Shavu lake lilibaki na baridi.

"Basi mama hatakuja."

"Nimesikia."

"Na mimi siwezi kumwacha mama."

"Sijakuomba umwache."

Fundi alichukua kofia yake. Alipita katikati ya kabati, akafungua mlango wa duka, ambao alikuwa ameutengeneza yeye, na ukafunguka bila sauti yoyote. Miwani alisimama gizani, kucha zimemzama viganjani. Rudi, nilikuwa natania, ni mfano tu. Angesema hivyo, Fundi angerudi mbio. Hapo ndipo alipoelewa kitu ambacho hakuna padri aliyewahi kumfundisha: jinsi ilivyomuuma Bwana siku ile, kuwatazama migongo watu anaowapenda na kuufunga mdomo wake. Mlango ukajifunga wenyewe, kimya kimya, kama ulivyotengenezwa.

Jumapili ikafika bila kuombwa. Misa ya kwanza ilipokwisha, Miwani alikivaa kijaluba shingoni, akakifunika kwa mtandio, akaweka mkono juu yake. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na barabara ilikuwa imeoga. Maduka yamefungwa, vidimbwi vimejaa mbingu, na jua jepesi lilitembea pamoja naye kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Alijihisi yuko usingizini, mwili unakwenda wenyewe. Kwa nje alikuwa kimya. Kwa ndani aliongea njia nzima. Nimenyamaza kwa ajili yako, alimwambia yule aliyembeba, na yeye amekwenda. Silalamiki. Nakuambia tu, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Kabla ya kona ya Bibi Sweta alisikia sauti asiyoitarajia: kwaruu, kwaruu, ya randa juu ya mbao. Na juu ya randa, sauti ya mwanamke aliyezoea kuimba bila kipaza sauti.

"Jumapili! Mtoto wa mwimba kwaya anapiga randa Jumapili! Watu watasema nini?"

"Nilikuambia utangulie kanisani, mama."

"Nitangulie niwaambie nini? Mwanangu yuko wapi? Yuko anachonga mlango wa watu! Siku sita zote hukuziona?"

Miwani alikunja kona, akapunguza mwendo. Fundi alikuwa amepiga magoti kizingitini pa Bibi Sweta, amevaa lile shati la buluu, mikono ameikunja, maranda yamemjaa mapajani. Mlango ule mkaidi, ambao kila Jumapili Miwani alikuwa akiugonga kwa bega huku amekikumbatia kijaluba kisiumie, ulikuwa umeshatiwa bawaba mpya. Mama Fundi alisimama pembeni na mkoba wake mweupe. Alikuwa amefungua mdomo kwa ajili ya sentensi nyingine.

Walimwona.

Fundi aliweka randa chini. Alijipangusa magoti, akatoa penseli sikioni. Hakusema hujambo, hakusema pole, hakumtazama hata machoni; alijua sasa macho yake yana hatari gani. Aliugusa mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka wote, mpaka ukutani, kimya. Kisha akasogea pembeni, akainamisha kichwa, na kofia kifuani.

Mama Fundi alimtazama mwanawe, akamtazama binti anayekuja na mkono kifuani. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Halafu mama yule, ambaye kwa habari za majirani hajawahi kumaliza hata sala bila kuongeza la kwake, akaufunga.

Safari hii Miwani alitikisa kichwa, kwa heshima, polepole. Kisha akaingia.

Chumba kilinukia sabuni na sufu. Bibi Sweta, aliyekuwa amefuma sweta za watoto wa mtaa ule mpaka vidole vikamkataa, alikuwa ameegemea mito, shuka jeupe limetandikwa juu ya kimeza, mshumaa unawaka. Miwani alitua kijaluba juu ya shuka na kupiga magoti sakafuni, mpaka paji la uso likakaribia ukingo wa meza. Alisali na Bibi. Alimwinulia ile hostia nyembamba.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," alisema Bibi Sweta, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mlango mgeni anayemfahamu.

Alipokea, akafumba macho. Kisha bibi akafumbua jicho moja. "Leo mmeingia kama upepo. Mlango wangu umekwenda wapi?"

"Upo, Bibi. Umetengenezwa."

"Na nani? Yule Fundi wa kesho?"

"Yule yule."

"Haya," alisema Bibi Sweta, akalifumba tena jicho. "Kesho imefika."

Miwani alipogeuka, aliona kwamba Mama Fundi alikuwa amesimama kizingitini muda wote ule. Mkoba ameushika kwa mikono miwili. Alirudi nyuma, akampisha.

Nje, Fundi alikuwa akikusanya maranda ambayo hayakuhitaji kukusanywa. Kijaluba sasa kilikuwa kitupu, na Miwani alikuwa na ruhusa ya kuongea, lakini Fundi alimtangulia.

"Siwezi kukudanganya," Fundi alisema, macho kwenye maranda. "Sijafika unapoamini wewe. Labda sitafika. Lakini wiki nzima sikulala. Nilikuwa nawaza: kama ni Yeye kweli, na hata kama ni labda tu, basi mimi fundi mzima wa milango nimemwacha agongwe na mlango kila Jumapili kwa sababu ya uvivu wangu. Hilo likanishinda." Akainua uso. "Na benchi nitakaa. Nitakutazama mgongo ukienda, na uso ukirudi. Uso ukirudi utatosha."

Miwani alilia na kucheka kwa pamoja, na hakujua kipi kilianza.

"Mimi sijakubali kitu," Mama Fundi alikatiza. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. "Nisieleweke vibaya. Kwangu mimi mkate ni mkate, na hayo tutabishana mpaka tuzeeke. Lakini nilisema yule binti ana maringo. Nimewaona wenye maringo, nimeimba nao miaka. Hawapigi magoti namna ile, kwenye sakafu ya bibi asiye na kitu, mahali ambapo wanadhani hakuna anayewaona."

Alijitengeneza kitambaa kichwani. Akasimama wima, akangoja, na safari hii barabara nzima ilionekana kungoja pamoja naye.

Miwani alipiga goti kwenye maranda. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Fundi alishusha pumzi. Lakini mama hakusogea. Alikuwa bado anangoja, kidevu juu, na pembeni ya mdomo wake kitu kilikuwa kinataka kucheka.

"Hiyo ni ya leo," alisema. "Na ya Jumapili ile?"

"Shikamoo, mama."

Mama Fundi aliinama, akamshika mikono yote miwili, akamwinua.

"Marahaba, mwanangu."